Kompyuta Niliyowapa Waosha

Mwanangu alifariki Jumatano asubuhi, na siku ya tatu, hitima ilipokwisha, niliwapa waosha kompyuta yake. Hilo naliandika mwanzo, asije mtu akasoma mpaka katikati akadhani nilikuwa namficha jambo. Mengine yote yanayofuata ni kueleza kilichokuwamo ndani ya kompyuta ile, na kwa nini alikuwapo mtu nchi ya mbali aliyekuwa akikisubiri.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, kuandika naandika. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa upishi wa shughuli hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, na vijiji vyote, kutoka kwetu mpaka karibu na Ras Mkumbi. Harusi, hitima, maulidi, mimi ndiye ninayeitwa kusimamia masufuria. Mambo ya kompyuta nimeyapata kwa mwanangu mwenyewe, kidogo kidogo na kwa kugombana, na baadaye kwa mwalimu mmoja wa kike, mtu wa bara, anayefundisha shule ya ng'ambo, kwenye kisiwa kidogo. Nikikosea mahali, kosa ni langu.

Nilizaa watoto wanne, msichana mmoja tu, na ndiye huyo. Alisoma mpaka chuo, akapata kazi Dar es Salaam katika ofisi ya kutunza kompyuta za watu. Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Valvu moja haikuwa ikifunga sawasawa, damu inarudi nyuma. Miguu inavimba, akipanda ngazi anashika ukuta. Madaktari wakamfanyia waliyoyaweza, wakampa dawa za maisha, wakamwambia aache kazi ya kuhangaika. Akarudi nyumbani na begi moja la nguo na kompyuta yake. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Nilidhani anarudi kupumzika. Kumbe alirudi na kazi nyingine. Kila asubuhi, nikishampelekea uji, namkuta ameegemea mto kitandani, kompyuta mapajani, kioo cheusi, maandishi meupe yanapanda juu kama sisimizi. Hakuna picha, hakuna rangi. Nikamwuliza ni kazi ya nani. Akasema ya kujitolea. Kuna mfumo wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa dunia nzima bure, kila mmoja anashika kipande chake, na yeye ana kipande chake.

Nikamwambia, "Hao unaowafanyia, wanakujua?"

"Wananijua kwa kazi, mama."

"Ukilala hoi watakuletea uji?"

Mimi ni mtu wa maneno makali, nimezaliwa hivyo, na mwanangu alishajua kuyaacha yapite. Lakini yale yalimkaa, maana siku chache baadaye aliniita nikae kitandani kwake, akasema leo atanieleza, nikishaelewa nitukane vizuri.

Akaniuliza, "Ukialikwa kupika nyumba usiyoijua, cha kwanza unauliza nini?"

Nikasema nauliza nani anawasha moto. Kwa sababu anayewasha moto ndiye anayewaita wengine. Wa kukuna nazi hawezi kuja kabla maji hayajaja, wa mchele hawezi kuanza kabla tui halijakamuliwa, na asipokuwapo wa kuwaita kwa zamu, watu kumi wanakaa wanatazamana na shughuli inaharibika.

"Basi na kompyuta ndivyo," akasema.

Ukiiwasha haiamki yote kwa pamoja. Kuna programu moja inayoamka mwanzo kabisa, na hiyo ndiyo inayoziamsha nyingine kwa zamu: ya kushika saa, ya mtandao, ya kuchapa karatasi, na kadhalika. Zamani programu hiyo ya kwanza ilikuwa ndogo tu, haina makuu. Kila kifurushi cha programu kilikuja na karatasi yake ndogo ya maelezo, wao wanaiita skripti, inayosema niamshe hivi, nizime hivi, usiniamshe kabla ya fulani. Halafu ikaja programu nyingine ya kuamsha, mpya, kubwa, yenye nguvu, nayo inataka maelezo yaandikwe kwa namna yake yenyewe. Watu wengi wakahamia huko. Wanaotengeneza vifurushi wakawa wanatia maelezo ya ile mpya peke yake. Ya zamani yanaachwa, yanachakaa, mwisho yanatolewa.

Nikasema, "Kwani hiyo mpya ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ni nzuri, mimi mwenyewe Dar nilikuwa naitumia. Ila kompyuta za shule ya ng'ambo ni kongwe, mama, na zisipowaka kule hakuna wa kumpigia simu. Hii ya zamani naifungua naisoma kama barua, naona pale ilipokwama. Na mwalimu nimemfundisha kuisoma."

Kompyuta hizo za ng'ambo alikuwa amezikuta shuleni zimefunikwa mashuka, zimeletwa na wafadhili, hakuna aliyejua kuziwasha. Alizifufua moja moja wakati bado ana nguvu za kuvuka na mashua. Umeme wao ni wa jua, mtandao unakuja ukitaka. Na watu kama wale, akasema, wapo sehemu nyingi duniani, kila mmoja na sababu yake ya kubaki na njia ya zamani.

Sasa wenzake wa kujitolea walishakubaliana neno moja. Kwamba hakuna atakayelazimishwa kuitunza njia ya zamani katika kifurushi chake. Lakini akitokea mtu akaiandika skripti, akaijaribu, na akakubali kwamba ikiharibika yeye ndiye wa kuulizwa, basi mtu huyo asikataliwe. Mwanangu ndiye aliyekuwa mtu wa kuulizwa kwa vifurushi saba.

Nilielewa. Sikumwambia kwamba nimeelewa. Nilisema haya, kunywa dawa yako, nikatoka. Lakini tangu siku hiyo nikawa nabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia hata alipokuwa mwari.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa wa kupanda na kushuka. Mwalimu alikuwa akivuka kila Jumamosi kuja kumwona, wanakaa chumbani wanasemezana mambo yao. Namsikia mwanangu anacheka, nami jikoni nakasirika, kwa sababu na mimi nilikuwapo wiki nzima na hakucheka. Ndivyo nilivyokuwa. Mwalimu akitoka ananiamkia, "Shikamoo bibi," namwitikia marahaba, nampa samaki wa kubeba, basi. Mtu mwema. Niliona ni mtu mwema, nikamwonea wivu hivyo hivyo.

Ilipokaribia mvua za masika mwanangu akaniambia ana kazi ya haraka. Wale wenzake hutoa toleo jipya la mfumo wao kila baada ya muda, na kabla ya kulitoa hufunga milango, kwamba baada ya tarehe fulani hakuna kuingiza kitu. Vifurushi vyake saba vyote vilikuwa vimebadilishwa na wanaovitengeneza, kwa hiyo skripti zake za zamani haziviamshi tena. Akipeleka mpya kabla ya kufungwa, skripti zitabaki. Asipopeleka, zitaondolewa zote, na toleo litoke bila hizo. Ukishatolewa namna hiyo, akasema, kurudi ni shida, kwa sababu watu wanazoea kwamba haupo.

Akaziandika. Nilimwona akiziandika. Zilimchukua kama mwezi, kwa sababu kuna siku vidole vimevimba hawezi kubonyeza, na kuna siku mimi namnyang'anya kompyuta namlaza. Siku aliyomaliza aliniambia, "Mama, zote saba." Uso ulikuwa umemwiva kama mtu aliyetoka kuogelea.

Nikamwambia basi tuma, upumzike.

Akasema bado. Hajaziona zikiamka kwenye kompyuta za ng'ambo. Atazituma akishaziona kwa macho yake, mashine kuwashwa na kuzimwa, kuwashwa na kuzimwa.

Hapo sina wa kumlaumu. Mimi ndiye niliyemlea hivyo. Alipokuwa mdogo, namchukua kwenye shughuli, nilikuwa nampiga mkono akipeleka sinia kwa wageni kabla hajaonja. Usipeleke kwa watu kitu usichokijua. Nilimwambia maneno hayo labda mara elfu, na aliyashika kuliko watoto wangu wote. Wa kiume wangetuma siku ile ile.

Mwalimu akamwambia ampe yeye akazijaribu. Akakataa, akasema wiki ijayo nitakuwa na nguvu, nitavuka mwenyewe. Tulimtayarishia hata kiti cha kukalia ndani ya mashua. Wiki iliyofuata ilikuwa ya mvua, bahari mbaya. Iliyofuata tena akawa hawezi kuinuka. Jumatano nilipomletea uji, alikuwa amelala ubavu, kompyuta imefungwa, ameizungushia kanga yake na kuikumbatia. Nikadhani amesinzia.

Sasa nieleze mila yetu, maana wa bara huenda asiijue. Mtu akifa, wale wanaomwosha hupewa nguo zake, na vile alivyolalia na kujifunika. Godoro, shuka, kanga, mto. Ni haki yao. Anayemwosha maiti hasemi asante wala haombwi, lakini hatoki mikono mitupu. Mwanangu alioshwa na wanawake watatu, na mkubwa wao alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye kwangu ni mdogo wangu. Anakaa kijiji cha kaskazini, alikuja kwa pikipiki kwenye mvua. Alimwosha kama anamwosha mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni nikamwona.

Siku ya tatu, watu wameshakula, wanawake wamejaa ukumbini, nikawaita waosha chumbani. Vitu vilikuwa palepale kitandani kama alivyoviacha, sikutaka mtu aviguse. Mdogo wangu akaanza kukunja shuka. Akafika kwenye ile kanga, akaihisi nzito, akanitazama.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema taratibu, "Bibi, hiyo kompyuta ingebaki kwanza."

Nilijua anasema kweli. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Mwanangu mmoja wa kiume alinipigia simu baadaye kutoka Dar akasema, mama, kompyuta si nguo, ile ni mirathi, ungemwuliza shehe. Anasema kweli naye. Wapo waliosema nilichanganyikiwa na msiba. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu. Nilikuwa nimeitazama mashine ile miaka yote ile ikikaa mapajani pa mwanangu, mahali ambapo hakuna mjukuu aliyewahi kukaa, na asubuhi ile aliyokufa mikono yake ilikuwa juu yake, si juu yangu. Na wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanatazama kama mimi, ninayewakaripia wengine kila siku kwa kuacha mila, nitaanza kuchagua hiki natoa, hiki sitoi.

Nikasema, "Mwalimu, kaa. Kwetu vya kitandani haviulizwi."

Akakaa. Mdogo wangu akaichukua na kanga yake. Alilia wakati anaichukua, hilo nalo niliseme.

Siku kumi baadaye mwalimu akaja. Haikuwa Jumamosi. Alinikuta uani nachambua mchele, akaniamkia, akakaa chini kwenye mkeka bila kusubiri kigoda. Alikuwa na simu mkononi. Akasema kuna mtu, mmoja wa wale wa kujitolea, yuko nchi za baridi huko, ndiye aliyekuwa akipokea kazi za mwanangu. Alikuwa anaandika kila baada ya siku mbili tatu, anauliza, hajibiwi. Mwisho akamtafuta mwalimu, kwa kuwa jina lake lilitajwa mahali fulani kama anayesaidia kujaribu. Mwalimu akamjibu kwamba mwenzako amefariki.

Akanisomea barua ya mtu yule, anaitafsiri huku anasoma. Ilikuwa na pole nyingi. Alisema wameandikiana miaka minne na hajawahi kuiona sura yake wala kuisikia sauti yake, lakini angeweza kuzitambua skripti zake kati ya mia, kwa namna zilivyokuwa safi. Kisha akasema anaona aibu kuuliza wakati kama huu. Barua ya mwisho aliyoipata ilisema kazi yote imekwisha, imebaki kujaribu. Milango inafungwa baada ya siku tisa. Je, yupo mtu nyumbani awezaye kuifungua kompyuta na kuituma folda moja? Hata bila kujaribiwa. Atazijaribu yeye.

Mwalimu akaiweka simu mkekani. Hakuniambia nilikukataza. Laiti angeniambia.

Nikaacha mchele palepale. Nikafunga ushungi, nikamwambia mwite mtu wa pikipiki.

Tulipanda pikipiki mbili, yeye mbele mimi nyuma. Miaka mingi sijapanda pikipiki. Barabara ya kaskazini ilikuwa na madimbwi, nilishika koti la dereva kama mwizi aliyekamatwa. Njiani sikuwaza maneno mazuri ya kusema. Nilikuwa nawaza jambo moja, kwamba kitu nilichokitoa mbele ya watu nakwenda kukiomba, na kwamba nitakiomba.

Mdogo wangu tulimkuta anaanika dagaa. Tukasalimiana, nikasema bila kuzunguka. Nimekuja kuomba ile kompyuta, si ya kuchukua kabisa, ya siku moja tu.

Akaifuta mikono kwenye kanga yake polepole. "Dada, ulinipa mbele ya watu."

"Nilikupa. Leo nakuomba mbele ya mtu."

Akamtazama mwalimu, akanitazama mimi, na usoni pake nikaona hana hasira. Alikuwa na huzuni. Akasema, "Haipo, dada. Mimi nitaifanyia nini? Nimempa mkwe wangu, amekwenda nayo Dar wiki iliyopita."

Tukampigia simu. Akaniamkia vizuri, kijana mwenye adabu. Nikamwuliza kompyuta iko wapi.

"Ninayo, mama mkubwa. Ila ilikuwa mbovu kidogo, ukiiwasha inaleta maandishi tu, meupe kwenye weusi, haina picha wala kitu. Nikaipeleka kwa fundi, akasema huu ni ugonjwa, akaifuta yote akaweka mpya. Sasa nzima kabisa. Unaihitaji?"

Mwalimu akaichukua simu mkononi mwangu, akamwuliza maswali mengi ya kitaalamu, akamwomba namba ya fundi, akampigia na fundi. Nilikuwa namtazama uso. Alisikiliza, akauliza tena jambo lile lile kwa maneno mengine, akasikiliza. Kisha akasema ahsante fundi. Mpaka leo nashangaa alipata wapi nguvu ya kumwambia mtu yule ahsante.

Mdogo wangu alitupikia chai. Tukainywa. Aliniuliza kulikuwa na nini mle ndani, nikamwambia kazi ya mwanangu. Akasema, "Mimi nilidhani umenipa kwa sababu hutaki kuiona." Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu alijaribu. Siku zile zilizobaki alikaa na skripti za zamani za mwanangu, akajaribu kuziandika upya yeye mwenyewe, baada ya kufundisha, kwenye mashine za shule, betri ya jua ikiruhusu. Yeye ni mwalimu wa jiografia. Alituma moja, mtu wa mbali akaijaribu, ikagoma. Akairekebisha, ikaamka lakini haizimiki. Siku ya tisa akanipigia simu saa kumi alasiri akasema bibi, wamefunga.

Toleo lilitoka miezi baadaye. Mwalimu alikuja akanionyesha kwenye simu. Kila kifurushi kina daftari lake la kumbukumbu, wanaandika humo kila kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Akanisomea kifurushi cha kwanza: skripti ya kuamsha kwa njia ya zamani imeondolewa, haifanyi kazi, na hakuna wa kuulizwa. Akasoma cha pili, maneno ni yale yale. Nikamwambia asome vyote saba. Hakutaka. Nikamwambia soma.

Hakuna wa kuulizwa. Mara saba.

Nikamwuliza yule mtu wa mbali anajua nini kuhusu yaliyotokea. Mwalimu akainamisha kichwa, akasema alimwandikia kwamba kompyuta iliharibika.

"Mwandikie ukweli."

"Bibi, hakujui, wala hatokujua. Haisaidii kitu sasa."

"Hapo anadhani nini? Anadhani mwanangu alifanya kazi ovyo, hakuweka nakala ya akiba, mashine ikafa na kazi ikafa. Mwandikie alimaliza. Zote saba. Mwandikie mama yake aliitoa kompyuta kwa mkono wake, akaambiwa asiitoe, akaitoa."

Akaandika. Alichukua muda mrefu, nami nikamfanya anisomee kwa Kiswahili neno kwa neno kabla ya kutuma, kwa sababu nilijua atajaribu kunilainishia. Mahali pawili alikuwa amenilainishia. Nikamfanya afute.

Kwa zile kompyuta za ng'ambo, mwalimu aliniuliza kama ningechukia akiziweka kwenye toleo jipya na ile programu mpya ya kuamsha. Hawezi kuendelea na toleo la zamani milele, halipati tena marekebisho, si salama kwa watoto. Nikamwambia shule ni yako. Likizo akazibadilisha zote, na zinawaka. Taratibu kidogo, anasema, lakini zinawaka vizuri tu. Aliniambia kwa furaha, kisha akaona uso wangu, akaacha. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nawaza macho ya mwanangu yaliyokuwa mekundu kwa kioo kile, vidole vyake vilivyovimba, na kwamba kumbe mashine ziliweza kuishi bila hayo. Sijajua mpaka leo nilipaswa kuhisi nini. Mwalimu anasema zipo zilizoshindwa, nchi nyingine, watu wameandika kulalamika. Huenda ni kweli, huenda ananihurumia.

Jibu la mtu wa mbali lilikaa wiki tatu. Tulishakata tamaa. Lilikuwa fupi. Alisema amesoma barua mara nyingi. Alisema daftari la toleo lililokwisha kutoka halibadilishwi, kanuni ndiyo hiyo, haliwezi kufutwa neno hata akitaka yeye. Lakini anaweza kuandika mstari mpya kumhusu mwanangu kwenye daftari za vifurushi ambavyo yeye ndiye mwenyewe, navyo ni viwili kati ya saba. Akaomba tumhakikishie jina la marehemu linaandikwaje, herufi kwa herufi, asije akakosea.

Nilimwandikia mwalimu jina la mwanangu kwenye karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, la kwake, la baba yake na la babu yake. Nikamwambia mwalimu, mwambie na mimi aniandike. Aandike alimaliza, na aliyepoteza ni mama yake. Mwalimu akasema atamwambia.

Mstari ulipotoka alinivukia na simu, mvua imemlowesha kichwa kizima. Akanisomea. Ulisema kwamba skripti za kifurushi hiki zilitunzwa miaka minne na fulani binti fulani, wa kisiwa cha Mafia, na kwamba kazi yake ya toleo hili aliimaliza kabla ya kufariki.

"Na ya mama yake?"

"Haimo, bibi."

"Soma tena."

Akasoma tena tangu mwanzo, polepole, kidole kikipita chini ya kila neno ili na mimi nifuatilie. Nikafuatilia. Jina lake lilikuwa sahihi, herufi zote. Habari yangu haikuwamo. Mwalimu alisema labda kwao hawaandiki mambo kama hayo, labda mtu yule aliona haifai. Nikamwambia akajipanguse maji, atapata homa, nikaenda jikoni kumchemshia chai.